Feniksi katika katiba: kisa cha wasukaji wa mikeka wa Mwanza na jina la ndege

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kikundi cha akina mama wanaosuka mikeka na vikapu jijini Mwanza, na ubishi uliozuka kati yao juu ya jina moja: Feniksi. Nakiandika kwa ajili ya makatibu wa vikundi, walimu wa lugha, na yeyote anayeombwa kueleza maana ya jina kwenye katiba, bango au risala. Majina ya watu, mtaa na soko nimeyaondoa, na wahusika nawataja kwa nafasi zao. Jina kamili la kikundi lina neno la pili ambalo silitaji.

Usuli

Kikundi kilianza kama upatu wa majirani. Wanawake waliokuwa wakisuka kila mmoja barazani kwake walianza kuchangiana, kisha wakakodi banda dogo karibu na soko moja lisilo mbali na ziwa, wapate kuweka ukindu na mikeka mahali pamoja. Wengi wao ni Wasukuma. Wamo Wakerewe na Wajita, na wawili waliokuja Mwanza kwa ndoa kutoka Tanga.

Asiyeijua kazi hii hudhani mkeka unaanzia kwenye kusuka. Unaanzia bondeni. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa mpaka yakapauka, huchanwa vipande vyembamba, kisha sehemu yake huchemshwa kwenye sufuria la rangi: nyekundu, zambarau, kijani. Ndipo vidole vinapoanza ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa pande kwa pande hadi ukapata mkeka. Mkeka mmoja wenye nakshi hula jioni nyingi za msukaji, na ndiyo maana hasara ya moto kwao haikuwa ya fedha peke yake.

Banda liliungua usiku. Hakuna aliyeumia, lakini iliteketea mikeka iliyokuwa ikisubiri wateja wa harusi pamoja na matita ya ukindu uliokwisha kutiwa rangi. Wanachama walilijenga upya kwa michango yao, na katika kulijenga wakaamua kikundi kisajiliwe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kisicho na usajili, katiba na akaunti ya benki hakiwezi kuiomba. Na kusajili ni lazima uwe na jina.

Jina lilivyoingia, na ubishi ulivyoanza

Katibu, binti aliyemaliza chuo miaka michache iliyopita, ndiye aliyelileta. Alikuwa amesoma habari za ndege wa kale anayeungua na kuzaliwa upya katika majivu. Kwa watu waliotoka kuzoa majivu ya banda lao, jina hilo halikuhitaji kupigiwa debe. Mwenyekiti aliliafiki, vigelegele vikapigwa, na Katibu akaandika kifungu cha kwanza cha rasimu kikisema kwamba Feniksi ni “neno la Kigiriki lenye maana ya kuinuka kutoka majivuni”.

Kikao kilichofuata, rasimu iliposomwa kwa sauti, mambo yakageuka.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi kanisani kwake alisimama akasema hawezi kuweka sahihi chini ya jina la ndege wa miungu ya wapagani. Aliuliza: kama ndege huyu anafufuka, anafufuliwa na nani? Mwingine, Mwislamu, alikuwa amemuuliza mwalimu wa madrasa wa wanawe, naye akamwambia kwamba Waarabu wanamwita ndege huyo Anqa, na humtaja wakitaka kusema kitu hakipo duniani. “Jamani, tunakwenda kuomba mkopo kwa jina la kitu kisichokuwepo?”

Bibi aliye mkubwa kuliko wote alikuwa kimya mpaka hapo. Kisha akauliza, “Foniksi si baiskeli?” Wengine walicheka, ila bibi alikuwa amegusa jambo la kweli. Kizazi chake Usukumani kililijua neno hili kwenye fremu za baiskeli za Phoenix kutoka Shanghai, zilizobeba pamba, mkaa, samaki, wagonjwa na maharusi. Kwake jina lilikuwa na maana tayari, na maana hiyo ilikuwa ya heshima: kitu kigumu kinachobeba mzigo.

Mweka hazina alimalizia kwa hoja iliyowatia wengi wasiwasi. Kwa Kiswahili, alisema, ndege ni kiumbe na ndege ni dalili pia. Tuna ndege njema na ndege mbaya. Kumtundika ndege wa moto juu ya banda la ukindu ni kuuita moto urudi.

Katibu alishikilia lile alilolijua, kwamba maana ya neno ni kuinuka. Alipoulizwa amelipata wapi, alionyesha simu. Kikao kiliahirishwa bila uamuzi, na siku ile ile alinipigia, kwa kuwa nimewahi kusaidia vikundi vingine kusawazisha lugha ya katiba zao. “Shikamoo Mwalimu. Naomba uje uwaambie maana yake halisi, wakikusikia wewe watakubali.”

Kutenganisha maswali

Nilimkubalia kwa sharti moja: nisiende kuamua jina. Jina la kikundi ni mali ya wanachama, na mtu wa nje akilitetea, atakapoondoka ubishi utabaki palepale. Nilichoweza kupeleka ni habari za neno, zikiwa zimepangwa ili kila mmoja aone hoja yake imekaa wapi.

Maana hoja zilikuwa zimesongamana. Kikao kizima kiliuliza swali moja, “jina hili lina maana gani?”, huku kila mzungumzaji akijibu swali lake. Katibu alizungumzia asili ya neno, ingawa alichokieleza kilikuwa hadithi. Mama wa maombi alizungumzia hadithi na nani aliyeisimulia. Yule wa pili alizungumzia ndege mwingine anayechanganywa na huyu. Bibi alizungumzia matumizi ya hapa hapa Mwanza. Mweka hazina alizungumzia hofu. Ukiyajibu yote kwa pamoja kwa kusema “maana halisi ni hii”, unamnyamazisha mtu mmoja na kuwaacha wanne na maswali yao.

Neno lenyewe

Kwa Kigiriki cha kale neno ni *phoinix*, na lilibeba vitu vingi kwa wakati mmoja. Lilikuwa rangi nyekundu iliyokolea kuelekea zambarau. Lilikuwa mtende. Lilikuwa mtu wa Foinike, ile nchi ya pwani yenye miji ya Tiro na Sidoni, ambako rangi ya thamani ilitengenezwa kutokana na konokono wa baharini. Lilikuwa jina la mtu: katika utenzi wa vita vya Troya, mlezi wa Achilles anaitwa Phoinix. Na lilikuwa ndege. Ipi ilitangulia, wataalamu wanabishana. Maelezo yanayosikika sana huanza na rangi: watu wakaitwa kwa rangi waliyouza, mti ukaitwa kwa nchi ya watu hao, na ndege akaitwa kwa manyoya yake.

Neno ni la kale kuliko maandishi ya alfabeti ya Kigiriki. Kibao cha udongo kutoka Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, cha takriban mwaka 1200 KK, kinaorodhesha kiti cha kuwekea miguu kilichopambwa kwa pembe za ndovu kwa picha za mtu, farasi, pweza na kitu kinachoandikwa *po-ni-ke*. Wapo wanaosoma hapo mtende, na wapo wanaosoma kiumbe wa hadithi. Napenda sana kibao hiki. Kinaonyesha kwamba hata fundi samani wa zama zile alituachia utata uleule wa mti na ndege.

Katika maandishi ya Kigiriki yaliyotufikia, ndege anaonekana kwanza katika kipande cha shairi la Hesiod, karibu mwaka 700 KK. Ni kama kitendawili cha hesabu: kunguru huishi vizazi 9 vya watu, kulungu mara 4 ya kunguru, kunguru mkubwa mweusi mara 3 ya kulungu, na *phoinix* mara 9 ya huyo. Ukizidisha unapata vizazi 972. Hapo sifa ya ndege ni umri mrefu. Moto haumo, wala majivu.

Haumo pia kwa Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK. Yeye anasimulia alichoambiwa Misri, katika mji ambao Wagiriki waliuita Heliopolis: ndege huja mara moja kila miaka 500, akitoka Arabuni, amembeba baba yake aliyekufa ndani ya yai la manemane, ili amzike kwenye hekalu la jua. Ana manyoya mekundu na ya dhahabu, umbo na ukubwa wa tai. Herodotus anasema wazi kwamba yeye alimwona kwenye picha tu, na kwamba habari ile haiamini.

Wamisri wenyewe walikuwa na ndege wao, *benu*, aliyechorwa kama korongo, wa jamii ya wale wa kijivu tunaowaona wakisimama kwenye maji mafupi kandokando ya ziwa letu. Alihusishwa na jua na mji uleule, na jina lake hulinganishwa na kitenzi cha Kimisri *weben*, yaani kuchomoza na kung'aa. Kama *phoinix* ya Kigiriki ilitokana na *benu*, au majina mawili yalikutana kwa kufanana sauti, wataalamu hawajaafikiana. Lakini hapa ndipo penye chembe ya ukweli katika kauli ya Katibu: wazo la kuinuka lipo, kwa jina la ndege wa Misri, na kinachoinuka ni jua.

Moto unaingia baadaye, katika karne ya 1 BK, kwa waandishi wa Roma. Martial, mshairi wa wakati huo, aliufananisha mji wa Roma uliojengwa upya na viota vya ndege huyu vinavyofanywa vipya kwa moto. Roma ilikuwa imeungua mwaka 64 na tena mwaka 80. Kwa hiyo kumtumia ndege huyu kwa mahali palipoungua na kujengwa upya ni desturi yenye takriban miaka 1,900, na akina mama wa Mwanza hawakukosea hata kidogo kuona kwamba hadithi inawahusu. Kilichokosewa ni kuiandika hadithi kama asili ya neno.

Kikao cha pili

Niliyaeleza hayo kwa mpangilio huohuo, kisha nikarudi kwa kila aliyekuwa na hoja.

Kwa mama wa maombi nilianza na Biblia. Neno hili limo katika Agano Jipya la Kigiriki, na lilikuwa limefika kwenye Kiswahili kabla yetu: Foinike ya Matendo ya Mitume 11:19 ni ndugu yake. Matawi ya mitende ambayo umati uliyachukua kumlaki Yesu, Yohana 12:13, yametajwa kwa neno hilohilo. Na Zaburi 92:12, “Mwenye haki atasitawi kama mtende”, katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ina *phoinix*. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, aliusoma mstari huo kama unamtaja ndege, akautumia kutetea ufufuo wa wafu. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 1, barua ya Clement wa Roma kwa Wakorintho ilikwisha kumtaja ndege kwa kusudi hilo. Kwa hiyo Wakristo wa mwanzo walimjua ndege huyu, walijua ametoka kwa wapagani, na wakamtumia kufundishia. Sikumwambia kwamba basi naye lazima amkubali. Nilimwambia walivyofanya.

Hapo bibi akaingilia. “Mitende hatuna huku. Jumapili ya Matawi sisi tunabeba mkindu.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha kikao, na ilikuja kabla sijafika kwenye jambo nililokuwa nimelihifadhi. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoupa mtende jina la kisayansi mwaka 1753, alichukua neno la Kigiriki la mti huo: *Phoenix dactylifera*. Jina la kwanza ni la jamii nzima ya miti hiyo, na mkindu wetu umo ndani yake. Jina lake kamili ni *Phoenix reclinata*. Ukindu uliokuwa umelala magotini mwao, nikawaambia, kwenye vitabu vya mimea unaitwa Feniksi.

Nilitaka waone pia upande wa rangi, maana neno halikuwa la mti peke yake. Heroe, wale ndege warefu wa waridi wanaozaana kwa wingi Ziwa Natron, wana jina la kisayansi linaloanza na neno hilihili kwa sababu ya rangi yao. Mmoja wa wanawake wa Tanga akainua ukili mwekundu aliokuwa akiusuka, akauliza kama na huu nao umo. Umo.

Kuhusu Anqa, mwalimu wa madrasa alikuwa amesema kweli, ila hakuulizwa yote. *Anqa* kwa Kiarabu ni ya kike, “mwenye shingo ndefu”, kutoka mzizi wa neno shingo. Ni ndege wa masimulizi ya Waarabu, na wafasiri wengi wamemtumia kama jina la feniksi. Msemo wa Kiarabu unamweka katika mambo matatu yasiyopatikana, pamoja na zimwi na rafiki mwaminifu. Lakini majina hayo mawili hayana asili moja wala hadithi moja. Aliyekuwa ameleta hoja aliridhika, akasema angechukia sana kuitwa jina la kitu kisichopatikana.

Na baiskeli? Hapo ipo habari nyingine kabisa. Jina la Kichina la baiskeli zile ni *Fenghuang*, ndege wa Uchina wa kale, ambaye katika jina lake *feng* huhesabiwa dume na *huang* jike. Haungui wala hafi. Ni ndege wa heri na utawala mwema, na Wazungu walipotafuta neno la kumwita wakampa jina la ndege wa Wagiriki. Kwa hiyo “Foniksi” ya bibi ni ndege wa tatu, aliyefika Mwanza akiwa amevaa jina la kuazima. Bibi alisema vyovyote vile, baiskeli ile haikuwahi kumwangusha.

Uamuzi wa kikundi na sababu zake

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuacha Feniksi na kujiita Mkindu. Lilikuwa na nguvu: neno linaeleweka bila maelezo, na ni la hapa. Mwenyekiti alilipinga kwa sababu ya kazi: neno mkindu linatajwa kila siku sokoni, na mteja akiagizwa “nenda kwa Mkindu” atauliza mkindu upi. Pia vijana wa kikundi walitaka jina lenye hadithi ya kuwasimulia wateja. Kura zilipigwa, Feniksi ikapita, bila tofauti kubwa.

Walichokibadilisha ni maelezo. Kifungu sasa kinasema kwamba Feniksi ni neno la Kigiriki la mtende, ambalo pia ni jina la kisayansi la jamii ya mti wa mkindu unaotumiwa na wanachama. Na kwamba jina hilo hilo ni la ndege wa masimulizi ya kale ambaye, kwa simulizi za baadaye, huungua na kuzaliwa upya. Asili imekaa upande wake na hadithi upande wake. Mama wa maombi aliomba neno “masimulizi” libaki humo, likabaki, akaweka sahihi.

Nembo haikuwasumbua. Mchoraji alikuwa ameleta tai katikati ya miali. Walimrudisha achore kuti la mkindu.

Matokeo

Usajili ulikamilika. Tatizo lilitokea mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Cheti cha kikundi kiliandikwa “Feniksi”. Aliyechonga mhuri, akidhani anasahihisha, aliandika “Fenix”. Ofisa wa benki walikokwenda kufungua akaunti aliliandika kwenye mfumo “Phoenix”, kama alivyozoea kuliona. Nyaraka tatu zikawa na majina matatu, na akaunti ikakataliwa mpaka yalingane. Mhuri ulichongwa upya, barua ya utambulisho ikaandikwa tena, na safari za kwenda na kurudi zikala nauli na siku za kazi. Ombi la mkopo lilikosa dirisha la kwanza kwa sababu hiyo, likaingia lililofuata.

Mwanachama mmoja aliondoka. Alisema amechoshwa na vikao vya jina, na kwamba wakati ule wangekuwa wamesuka.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuyatenganisha maswali kabla ya kutafuta majibu. Wengi tunapoulizwa maana ya jina tunakimbilia asili, kana kwamba asili ndiyo hakimu. Asili ya *phoinix* isingeweza kuamua chochote pale: ina rangi, mti, taifa na ndege, na wataalamu wenyewe hawajui kwa yakini kipi kilitangulia. Ilichoweza kufanya ni kuondoa dai moja lisilo kweli, ili ubishi uendelee juu ya mambo yaliyo kweli.

Dai lile la Katibu linastahili kuangaliwa, kwa kuwa tutakutana nalo tena. Hadithi inapojulikana sana, watu huirudisha ndani ya neno na kuifanya asili. Kwa ndege mwingine, Simurgh wa Waajemi, jambo kama hilo lilifanyika kwa ufundi mkubwa: mshairi Attar, wa karne ya 12, aliligawanya jina lake kuwa *si murgh*, “ndege thelathini”, akasimulia ndege 30 waliosafiri kumtafuta mfalme wao na kumkuta ni wao wenyewe. Asili ya neno ni nyingine. Linatokana na jina la ndege mkubwa katika lugha ya kale ya Avesta. Attar hakudanganya, alikuwa anatunga. Katiba ya kikundi si shairi. Ikiandika kwamba neno lina maana fulani, mwanachama ana haki ya kuuliza nani kasema, na katibu anapaswa kuwa na jibu.

Hata hivyo naona ingekuwa vibaya kumwambia Katibu aiache hadithi ya majivu. Ina karne 19 mgongoni, na ilimfikia mahali ambapo watu walikuwa na haja nayo. Hadithi iliyochelewa kuingia katika neno bado ni sehemu ya neno. Kinachodaiwa ni kusema ilipoingia.

Jambo la pili lililofaa ni kumpa bibi nafasi. Ujuzi uliofunga pengo kati ya mtende wa Biblia na ukindu wa Mwanza haukutoka kwenye kitabu. Ulikuwa desturi ya Jumapili ya Matawi, na aliyekuwa nao ni mtu ambaye swali lake la kwanza lilichekwa. Katika vikao vingi vya namna hii, anayesema “hiyo si baiskeli?” huambiwa akae.

Kilichoshindwa waziwazi ni tahajia. Vikao vyote vilijadili maana, na hakuna kilichoamua herufi. Kwa neno la kigeni hilo ni kosa la gharama, kwa sababu kila ofisi ina mazoea yake. Wagiriki waliandika kwa herufi moja sauti ambayo Warumi waliiandika *ph*. Kiingereza kikaibakiza hiyo, Kihispania kikaandika *f*, nasi kwa Kiswahili tunaandika *f* na kumalizia na irabu. Tahajia zote zina utetezi wake, na ndiyo sababu ilitakiwa moja ichaguliwe, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye muhtasari wa kikao, na nakala yake ipelekwe kwa mchonga mhuri, mchora bango na benki kabla yeyote hajaandika chochote. Kwa vikundi ninavyovisaidia sasa, karatasi hiyo inatangulia katiba.

Muda nao ulitumika vibaya. Mwanachama aliyeondoka alikuwa na hoja. Rasimu ingesomwa na watu wawili watatu kabla ya kikao, dai la asili lingechunguzwa mapema, na ubishi usingefika mbele ya kikundi kizima ukiwa umechanganyikana namna ile.

Hoja ya mweka hazina, ya ndege mbaya, ndiyo pekee ambayo historia ya neno haikuijibu, na sidhani ingeweza. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akapiga kura ya hapana. Mwenyekiti alimfuata baada ya kikao, akamuuliza hasa anaogopa nini. Akasema jiko la kuchemshia rangi bado liko ndani ya banda, hatua chache kutoka kwenye ukindu mkavu, kama lilivyokuwa kabla ya moto. Hilo likawa ajenda ya kwanza ya kikao kilichofuata. Jiko lilihamishiwa nje, upande usio na upepo wa ziwa, ndoo za mchanga zikawekwa mlangoni, na mweka hazina akapewa jukumu la kuhakikisha hakuna anayelirudisha ndani msimu wa mvua.